Kisima cha sadaka na haki ya jirani

Hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa, tuliombwa kuchangia kisima kirefu cha pili msikitini kwetu hapa Dar es Salaam. Nikatoa nilichojaaliwa. Njiani nikamkumbuka bibi mmoja jirani wa msikiti. Kisima chake kifupi kilikuwa cha maji baridi miaka yote. Leo amekifunika bati, maji yamegeuka chumvi. Nikajiuliza: je, sisi hatumo katika hilo?

Tangu ukame wa mwaka 1997, visima vya watu binafsi na taasisi vimechimbwa kwa wingi katika jiji hili, kila mmoja na pampu yake. Tunadhani maji ya chini hayana mwisho. Ukweli ni kwamba pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu walikokotoa zaidi ya miaka 100 iliyopita kuwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi hadi takriban mita 40 chini. Tukivuta kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda na kusogea bara. Ikishaingia, kuiondoa huchukua miaka mingi.

Mafaqihi walihitilafiana kuhusu anayechimba ndani ya milki yake akapunguza maji ya jirani: wapo waliomruhusu, wapo waliomzuia. Lakini zama zao yaliyo chini ya ardhi hayakuonekana. Leo wapo watafiti, baadhi yao vijana wetu wenye shahada za uzamivu, wanaotumia kompyuta kukadiria eneo fulani livutwe maji kiasi gani bila kuita bahari. Mwenye kuweza kujua madhara akakataa kuuliza, atajitetea kwa ujinga mbele ya Allah (s.w.)?

Atasema mtu: wenye kiu wapo leo, tusubiri hesabu? Hoja hiyo ina uzito. Sayyidna Uthman (r.a.) alinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu watu wanywe bure. Hata hivyo, yeye aliwafungulia watu maji, hakumfungia yeyote. Nia njema haihalalishi kumnyima jirani.

Sisemi kwa yakini kuwa pampu yetu ndiyo iliyoharibu kisima cha bibi yule. Sijui, na kamati haijui. Hapo ndipo penye tatizo: tumetoa sadaka bila kuuliza.

Naiomba kamati yetu, na nyingine zote: kabla ya kuchimba, tupime chumvi ya kisima kilichopo, tutafute kibali cha bonde la maji, tumsikilize mtaalamu. Elimu hii naiona ni fardhi kifaya kwetu watu wa pwani. Na bibi yule avutiwe bomba kutoka msikitini, leo, bila malipo.

Wallahu a'alam.