Maji Yaliyomo Gotini

Katika mwili wa mwanadamu pako mahali ambapo damu haifiki, mishipa ya fahamu haipiti, na mwanga haujaingia tangu tulipokuwa tumboni mwa mama zetu. Na ni hapo Muumba alipopenda uzito wetu wote utue kila tunapoinuka kitini, tunapopanda ngazi au tunapopiga magoti mbele Yake. Ni lile tabaka jeupe linalozivika ncha za mifupa ndani ya goti, liitwalo gegedu. Aliyewahi kutenganisha kiungo cha mbuzi amelishika kwa mkono wake: linang'aa, linateleza, likibonyezwa hugoma na likipapaswa huwa laini. Pengine alilitupa pamoja na mifupa asilitazame mara ya pili. Simama nami hapa, ndugu msomaji, tulitazame bila haraka.

Unene wake gotini ni milimita 2 hadi 4 tu katika sehemu nyingi, na nyuma ya pia ya goti, ambako gegedu ni nene kuliko pengine popote mwilini, laweza kufikia milimita 6. Juu ya kitu chembamba hivyo tunatembea maisha yetu yote. Kila hatua tunayopiga, hata katika uwanja tambarare, hulitwisha goti mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na gegedu huupokea bila kunung'unika, likiteleza juu ya gegedu mwenzake kwa mkwaruzo mdogo kuliko wa barafu juu ya barafu. Ute unaoilainisha kazi hiyo yote ni matone machache. Katika goti zima la mtu mwenye afya haujazi hata kijiko cha chai.

Na ukiuliza tabaka hilo limeumbwa kwa kitu gani, jibu lake hunyenyekeza. Kwa sehemu kubwa ni maji. Kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake ni maji kama haya ya mvua na kisima, yaliyoshikwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Mwaka 1925 Mjerumani Alfred Benninghoff alieleza jinsi nyuzi hizo zilivyopangwa: huchipuka wima kutoka mfupani, hupanda juu, hukaribia uso wa gegedu, kisha huinama na kurudi chini, tao baada ya tao, kana kwamba ndani ya kila goti umejengwa msikiti wa nguzo zisizohesabika. Baina ya matao hayo zimejazwa molekuli zenye chaji hasi, ambazo kazi yake ni kuyaita maji na kuyang'ang'ania. Maji hutaka kutanuka, nyuzi huyazuia, na katika ushindani huo uliopimwa sawasawa ndimo ilimo nguvu ya goti. Tukikanyaga, maji husukumwa polepole nje ya wavu wake mithili ya tui litokalo kifumbuni. Tukiinua mguu, wavu huyanywa tena, na pamoja nayo huingia chakula cha seli chache zinazoishi humo pasipo damu. Kutembea kwetu ndiko kula kwake. Usione vyaelea, vimeundwa.

Lakini ujenzi huu haurudiwi. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walipima ndani ya gegedu kaboni iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya atomiki ya karne iliyopita, wakitaka kujua nyuzi za gegedu zina umri gani, wakakuta kwamba kolajeni yake haibadilishwi baada ya mtu kukua. Nyuzi alizofumiwa kijana ndizo atakazozeeka nazo. Ngozi hujivua, damu hujitengeneza upya, mfupa uliovunjika huunga. Gegedu hukaa na amana yake ya kwanza. Ndiyo maana likianza kuchakaa huchakaa kimya, kwa kuwa halina mshipa wa fahamu wa kulia kwa niaba yake. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye goti hana habari.

Madaktari nao, kwa miaka mingi, hawakuwa na habari. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, iliwapa mifupa tu, kwani miale yake hulipita gegedu kana kwamba halipo. Walichoweza kukiona ni pengo baina ya mfupa na mfupa, na pengo hilo lilipopungua ndipo waliposema gegedu limekwisha. Ni kama kujua wingi wa watu waliokuwa msikitini kwa kuhesabu viatu vilivyobaki mlangoni. Mwanadamu aliye hai, anayetembea na kuumwa, hakuwa na njia ya kutazamwa ndani ya goti lake ila kwa kisu.

Njia nyingine ilikuwamo ndani ya maji yenyewe, imewekwa humo tangu maji yalipoumbwa, ikisubiri kuulizwa. Kila tone la maji limejaa haidrojeni, na kiini cha kila haidrojeni ni protoni moja, sumaku ndogo mno inayozunguka. Felix Bloch na Edward Purcell walionyesha mwaka 1946, kila mmoja kwa upande wake, kwamba protoni hizo zikiwekwa katika sumaku zinaweza kuitika wito wa redio. Mwaka 1971 Paul Lauterbur alijiwa na wazo akiwa mgahawani karibu na Pittsburgh, Marekani: kwamba mtu akiifanya sumaku izidi nguvu upande mmoja na kupungua upande mwingine, kila mwitiko utasema unatoka wapi, na miitiko ikikusanywa itafanya picha. Picha aliyoichapisha mwaka 1973 ilikuwa ya vijineli viwili vya maji. Baadaye kiumbe hai cha kwanza alichokipiga picha kilikuwa chaza mdogo, wa milimita 4 hivi, aliyeokotwa ufukweni na binti yake. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaiwezesha kazi hiyo kufanyika kwa haraka, na mwaka 2003 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mimi hupenda kukumbuka kwamba fani nzima ya MRI, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na redio, ilianza kwa maji matupu na chaza wa pwani. Kilicho kikubwa kiliingia duniani kwa mlango mdogo.

Hebu tufikirie yanayotokea mgonjwa anapolala ndani ya mashine hiyo. Amevua saa, pete na kila cha chuma, ameziba masikio kwa sababu ya vishindo, na amezungukwa na nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Sumaku ya kawaida ya hospitali ina nguvu kiasi cha mara 30,000 ya sumaku ya dunia hii tunayoikanyaga. Hata hivyo mgonjwa hahisi kitu. Na protoni zake hazisimami zote wima kama askari: zinazoelekea upande wa sumaku huzizidi zile zinazoelekea kinyume kwa takriban 5 tu katika kila milioni. Tano katika milioni! Picha yote atakayoiona daktari, kila mstari na kila kivuli, imetokana na ushuhuda wa hao wachache. Hutumiwa wimbi la redio la megahezi 64, chini kidogo ya pale redio zetu za FM zinapoanzia. Nao hupinduka kwa wimbi hilo, kisha wakiachwa hurejea mahali pao, na katika kurejea kwao hutoa sauti hafifu ya redio inayonaswa na mashine. Hakuna mwale unaochoma, hakuna kisu, hakuna tone la damu.

Uzuri umo katika namna ya kurejea. Maji yaliyo huru, kama ya ute wa goti, huchukua muda kunyamaza, kwa hiyo katika picha zinazosubiri mwangwi wao huonekana meupe yakimeremeta. Maji yaliyobanwa katika wavu wa gegedu hunyamaza mapema, na hunyamaza mapema zaidi kadiri yanavyokuwa chini karibu na mfupa, ambako nyuzi zimesongamana. Basi gegedu hutokea kijivu, lenye giza chini na mwanga juu, na matao ya Benninghoff, yaliyotakiwa zamani kuchunguzwa katika goti la maiti, sasa husomeka katika goti la mtu anayerudi nyumbani kwa miguu yake. Mfupa mgumu na kano hutokea vyeusi. Na kuna jambo moja ambalo kila nikilisoma hunifanya nitulie: nyuzi zikilala kwa pembe ya karibu nyuzi 55 na mwelekeo wa sumaku, hung'aa ghafla palipotakiwa kuwa na giza. Pembe hiyo haikutungwa na mtu. Ni kanuni iliyomo katika maumbile, nasi tumeikuta.

Kwa ushahidi huo wa maji, ugonjwa hujulikana mapema. Wavu ukianza kukatika, kabla gegedu halijapungua hata kwa unene wa unywele, maji huingia kwa wingi kuliko kawaida na kutembea huru, nayo huchelewa kunyamaza. Mahali palipotakiwa kuwa kijivu panaanza kung'aa. MRI imetuonyesha pia kupumua kwa gegedu: mtu akipimwa kabla na baada ya kuchuchumaa na kuinuka mara nyingi, gegedu la pia ya goti huonekana limepungua kidogo, kisha akipumzika hurudi. Na kwa watu waliopooza miguu baada ya uti wa mgongo kuumia, gegedu la goti limeonekana likikonda. Kumbe si kazi tu inayolichosha; kukosa kazi nako hulinyima chakula.

Uchunguzi mmoja mkubwa wa magoti kwa MRI ulianza Marekani mwaka 2004, wakaandikishwa watu 4,796 wa umri wa miaka 45 hadi 79 katika vituo vinne, kimoja kikiwa Pittsburgh, mji uleule ambao karibu nao Lauterbur alijiwa na wazo lake. Magoti yao yalipigwa picha kwa sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mwaka hata mwaka, na picha hizo zikafunguliwa kwa watafiti wa dunia nzima. Sijui sadaka nyingine ya sayansi iliyo pana kama hii: maelfu ya watu wa kawaida wamelala kimya ndani ya mashine ili magoti ya wengine, hata wasiozaliwa bado, yaeleweke.

Utafiti mwingine, wa mji wa Framingham katika jimbo la Massachusetts, uliotolewa mwaka 2012, uliwapima watu 710 wenye zaidi ya miaka 50 ambao eksirei ilisema magoti yao ni mazima. MRI ilikuta dosari fulani kwa karibu 9 kati ya kila 10. Na katika mji huohuo, mwaka 2008, ilionekana kwamba katika waliochanika vile vipande viwili vya gegedu vilivyopinda kama hilali, ambavyo hukaa baina ya mifupa na kugawa mzigo, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliotangulia. Hapa mashine yenyewe hutufunza adabu. Picha huonyesha palipochanika, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ayajuaye ni mwenye goti.

Hata hivyo baadhi ya maumivu yamepata maelezo. Mwaka 2001 David Felson na wenzake wa Boston walionyesha kwamba wagonjwa wenye magoti yanayouma walikuwa na mawingu meupe ndani ya mfupa, chini ya gegedu, mara nyingi zaidi kuliko wasioumwa. Mfupa, tofauti na gegedu, una mishipa ya fahamu. Linapochakaa gegedu, mfupa hubeba mzigo usio wake na kulia. Katika baridi yabisi, ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa viungo, wingu kama hilo katika mifupa ya mkono hutangulia mashimo ambayo eksirei ingeyaona baadaye sana. Ni onyo linalotolewa mapema, na onyo la mapema ni rehema.

Ndugu msomaji, wengi kwetu goti likiuma husema ute umeisha, hujipaka mafuta miaka nenda rudi na kukaa kitako wakingoja lipone. Tembea kadiri unavyoweza, kwani gegedu hula kwa mwendo, na upunguze uzito kama umezidi. Goti linalosagika kwa umri mara nyingi halihitaji MRI. Daktari hulitambua kwa kukusikiliza, kulishika na, ikibidi, kulipiga eksirei. Lakini viungo vikivimba, vikiwa na joto, au vikikakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu, usingoje: nenda hospitali wiki hiyohiyo, kwa maana zipo dawa za kuizuia baridi yabisi, nazo hufanya kazi vizuri zaidi kabla kiungo hakijaliwa.