Halua ya Khitma

Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia hivyo hivyo. Uliza mtoto wa jirani yako kama amesikia habari hizo.

Lakini leo sina ugomvi na kiboko. Kiboko kina wa kukishtaki. Ugomvi wangu ni na ndugu yake mpole, zawadi.

Hapa Liwatoni mzazi aliyechoka kupiga huahidi: ukitoka namba moja nakununulia simu. Mtoto anakesha. Namba inakuja, simu inakuja, kitabu kinarudi chini ya kitanda. Mtoto hajawa mvivu, ni vile deni limelipwa.

Mwaka 1973 huko Marekani, Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Kundi la pili lilichora tu, kisha likashtukizwa na cheti. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani, wale wa ahadi walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu.

Kumbe shida si cheti, ni ile biashara inayotangulia. Ndio maana naitetea halua ya khitma. Mtoto wa madrasa akimaliza juzuu thelathini, watu hualikwa wakala. Sawa, mtoto anajua halua inakuja, lakini wanakula hadi majirani. Huwezi kuiita mshahara wake. (Bakora ya madrasa tutaiongea siku nyingine.)

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Watu huuliza nani alinifukuza. Hakuna. Hakukuwa na kiboko wala orodha ya namba ukutani, na kwa mara ya kwanza tukabaki mimi na kitabu, hatujuani.

Jioni, watoto wa huku hufundishana kuogelea. Bahari inaadhibu, ndio, maji ya chumvi yanakuingia puani, ila haina hasira na haitangazi nani wa mwisho. Wala hujasikia mtoto ndani ya maji akiuliza, "Hii itatoka kwenye mtihani?" Swali hilo ni la darasani. Tulikuwa na mwalimu mmoja sekondari, tukimuuliza hivyo na jibu likawa hapana, anafuta ubao, tunaendelea na mada nyingine.