Dagaa Naye Ni Mtu Mzima

Dagaa wa Ziwa Victoria mwenye urefu wa sentimita tano ni mtu mzima. Amekwisha kupevuka, pengine ameshataga, na hana mpango wa kuwa kitu kingine. Sangara wa sentimita tano, wa ziwa hilohilo, ni mtoto mchanga. Akiachwa anaweza kukaribia mita mbili na uzito wa kilo 200. Ukiwalaza wawili hao kwenye ubao mmoja, mgeni atasema wote ni watoto. Mvuvi hatasema hivyo, wala sheria haisemi hivyo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, ilhali dagaa ana wavu wake wenye matundu madogo, uliohalalishwa kwa ajili yake.

Hapo sheria imekiri jambo ambalo wengi wetu hulisahau: udogo si utoto. Tukiona kitu kidogo tunadhani hakijafika. Tunakihurumia, tunangoja kikue, na wakati tunangoja tunakidharau. Hata kwenye mazungumzo ya rushwa utasikia kila siku kwamba wanaokamatwa ni dagaa, mapapa wanaachwa, utadhani dagaa ni papa aliyekosa bahati. Kadiri ninavyowajua samaki wadogo wa maji baridi ya huku kwetu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kasoro iko kwenye kipimo chetu.

Niwatenge kwanza, maana jina moja limewabeba wengi. Dagaa wa Victoria, ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene, ana udugu na ningu wa mitoni. Usipa wa Ziwa Nyasa yumo katika kundi hilohilo pana, na maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi. Dagaa wa Kigoma ni wa mbari nyingine kabisa. Yeye ni wa ukoo wa saladini, na mababu zake walitoka baharini katika zama za mbali sana. Anaishi Tanganyika, ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470, lakini vilindi vyake havina oksijeni, kwa hiyo maisha yote ya samaki hao na ya migebuka wanaowala yanapita katika tabaka la juu tu.

Huyu wa Kigoma na wale wa Victoria na Nyasa hawana udugu wa karibu, lakini wamefikia maisha yanayofanana. Wanakaa maji ya wazi, wanakula viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na giza likiingia hupanda juu. Ndiyo maana huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, na mialo hupumzika. Kuna mikoa mizima ambayo kalenda ya mapato yake, madeni yake na hata harusi zake inakwenda na mwezi kwa sababu ya samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Sasa nije kwenye kisa kinachonifanya niliandike jambo hili. Katika miaka ya 1950 Ziwa Victoria lilikuwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi, wa mamia ya aina, na kila aina ilikuwa na riziki yake: hawa walikula konokono, wale walikwangua mwani kwenye mawe, wengine walikula mayai ya wenzao. Kwa wataalamu wengi wa uvuvi wa enzi ya ukoloni hao walikuwa takataka. Hoja yao ilisikika kuwa ya busara: kwa nini ziwa kubwa namna hii lijae samaki wasio na bei? Aletwe samaki mkubwa awale wadogo, ili nyama isiyofaa igeuke kuwa nyama inayofaa. Sangara akatiwa ziwani upande wa Uganda. Walikuwapo wanasayansi waliopinga, lakini hawakusikilizwa.

Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Halafu miaka ya 1980 akafumuka, na furu wakaporomoka kiasi kwamba aina nyingi hazijaonekana tena. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, na minofu ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Sitabeza hilo; watu wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa sangara. Ila tazama ziwa lilivyojibu. Furu waliokuwa wakila chakula kilekile cha dagaa walipoondoka, dagaa alibaki na meza nzima. Alizaa haraka kuliko alivyoliwa. Leo, ukipima kwa uzito samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria, zaidi ya nusu ni dagaa. Mpango wa kuwageuza wadogo kuwa wakubwa umeishia kwenye ziwa ambalo mdogo ndiye mwenye hesabu kubwa.

Tena alifanya jambo moja zaidi. Watafiti waliolinganisha dagaa wa kabla ya sangara na wa baada yake waligundua kwamba wa sasa wanapevuka wakiwa na umbo dogo zaidi. Kwa shinikizo la meno ya sangara na nyavu za binadamu, dagaa alizidi kuwa mdogo na kuwahi kuzaa. Hiyo ni njia ya kuishi, na si njia ya raha. Mnyonge anayefupisha ujana wake ili awahi kuacha uzao hastahili kusifiwa kana kwamba amependa mwenyewe. Sisi tuliomsukuma hadi hapo tungepaswa angalau kuona haya.

Jambo la ajabu ni kwamba karibu na miaka ileile sangara alipotiwa Victoria, kuna mahali samaki mdogo alitafutwa kwa ajili ya udogo wake. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kutumia vizuri chakula cha maji yake ya wazi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa wakachukuliwa kutoka Tanganyika wakapelekwa huko. Kati ya aina mbili, mmoja alishika. Ndiye sambaza wa Goma, Bukavu na Gisenyi, anayevuliwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba huku wakipiga makasia. Mwaka 1967 na 1968 ndugu zake walipelekwa Kariba, bwawa jipya lililokosa samaki wa maji ya wazi, na huko kapenta amekuwa kitoweo cha Zambia na Zimbabwe. Sishauri watu waanze kubeba samaki kutoka ziwa hadi ziwa. Mara nyingi balaa huanzia hapo, na Victoria ni ushahidi wa kutosha. Nataja hili kwa sababu aliyembeba yule dagaa hakumwona kama samaki aliyepungukiwa kitu.

Kuna wadogo wengine ambao hata sokoni hawafiki. Kwenye madimbwi ya mvua ya Unguja anaishi samaki mmoja wa sentimita tano hivi, dume lake likiwa na mkia mwekundu uliokolea, ambaye kwa asili hapatikani kwingine duniani. Ndugu zake wako Tanzania bara, kwenye mabonde ya Rufiji na Kilombero na madimbwi ya pwani. Mvua ikinyesha na dimbwi likijaa, mayai yaliyolala kwenye tope huanguliwa. Samaki hawa hukua kwa kasi ya kushangaza. Ndugu yao mmoja wa Msumbiji ameonekana akipevuka kwa muda wa wiki mbili tu. Wanagombana, wanachumbiana, wanataga ndani ya tope. Kiangazi kinakuja, dimbwi linakauka, wanakufa wote. Tope linapasuka kwa jua, ng'ombe wanapita juu yake, na mayai yamo humo yakingoja masika mengine, baadhi yakijizuia yasianguliwe na mvua ya kwanza kwa kuwa mvua ya kwanza huweza kuwa ya uongo.

Ukimwambia samaki huyo kwamba maisha yake ni mafupi atakuuliza mafupi kuliko ya nani. Ndani ya miezi michache amepitia yote ambayo tembo hupitia kwa miaka sitini. Wataalamu wa kuzeeka wanawafuga samaki wa jamii hii maabara, kwa sababu wanazeeka kwelikweli, kwa dalili zote za uzee, mbele ya macho ya mtafiti asiye na subira. Sisi tunayaona madimbwi yao kuwa uchafu wa barabarani, tunayafukia bila hata kuinama kutazama. Hapo napenda msemo wa mitaani kuliko methali za vitabuni: usione wembamba wa reli, garimoshi linapita.

Na kule Tanganyika, kwenye sakafu ya ziwa yenye magamba ya konokono waliokufa, kuna samaki mwenye nyumba. Jike lake halizidi sana sentimita tatu. Kila mkubwa ana gamba lake, analichimbia mchanga likae sawa, analilinda na kuzalia ndani yake, na makumi yao huishi jirani kama mtaa. Sentimita tatu, na ana mlango wa kumfungia mgeni! Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mtoto.

Hata hivyo, hoja yangu inahitaji breki, maana kuna watu watakaoipokea kwa furaha isiyo njema. Anayeburuta kokoro karibu na ufukwe hukokota vifaranga vya sato na sangara, akavianika pamoja na dagaa na kuviuza kwa jina hilo. Hapo udogo ni utoto kweli, na jina la dagaa limekuwa kichaka cha kujifichia. Kwa hiyo kusema "mdogo naye ni mkubwa" hakutoshi. Lazima umjue unayemtazama: huyu amefika, yule bado yuko njiani. Kinyume chake pia ni kosa. Kumtendea mtu mzima kama mtoto ni dhuluma ileile iliyovaa sura ya upole.

Na dhuluma hiyo naiona zaidi nchi kavu kuliko majini. Kwenye mialo mingi ya Victoria kazi ya kuanika dagaa ni ya akina mama. Mama mmoja anaweza kuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote ya utu uzima, akijua upepo utakaoleta mvua, akijua tajiri gani wa soko la Mwaloni Kirumba analipa na yupi anakopa. Lakini kila mradi unaomfikia humwita mjasiriamali mdogo na kumuuliza lini atakua. Semina juu ya semina. Akitaka kukua, akue. Kama anataka lori, Mungu ampe lori. Lakini huenda mama huyo amefika. Huenda anachohitaji ni choo, kivuli, maji safi, ghala lisilovuja na chanja za kuanikia ili dagaa wasilale mchangani. Mvua za masika zikimkuta hana hivyo, mzigo wa jana hugeuka uvundo, na kinachosalia huuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku.

Kuku, ndiyo. Sehemu kubwa ya dagaa wa Victoria haifiki kwenye sufuria ya mtu. Inasagwa kuwa chakula cha mifugo. Samaki anayeliwa na mifupa yake, kichwa chake na vyote, mwenye kalsiamu, madini ya chuma, zinki na vitamini A ambavyo mtoto anahitaji, anapitia kwanza tumboni mwa kuku ili tuje kumla kuku. Ni mantiki ileile ya miaka ya 1950: mdogo hana maana mpaka ageuzwe kuwa mkubwa. Na jikoni tunaimalizia wenyewe, tunapochambua dagaa, tukatupa vichwa na kubakiza mikia. Najua uchungu wa matumbo na najua mchanga unavyokera menoni. Sidai kila mtu ale vichwa. Ila tunajua tunachotupa?

Mchanga, kwa kweli, una dawa, na dawa yake ni chanja. Dagaa wa chanja hukauka haraka, ni msafi, hunukia vizuri. Tatizo ni kwamba aliyetengeneza chanja ametumia miti, wavu na misumari, na mteja akifika sokoni analalamikia mchanga wa fungu la kwanza, kisha anakataa bei ya fungu la pili kwa sababu "ni dagaa tu". Mama akiona hivyo mara mbili tatu, anarudi kuanika chini.

Basi wewe unayekwenda sokoni Jumamosi, ukimkuta muuzaji ana mafungu mawili, uliza lipi limeanikwa kwenye chanja. Litakuwa ghali kidogo. Usiombe apunguze. Lipa bei yake kama unavyolipia minofu ya sangara, bila kumwambia mwenye mali kwamba ni dagaa tu.