Resi Imegoma Kushuka



Vijana wenzangu, leo naomba tuanzie gereji. Kanisani tutafika, msiwe na wasiwasi.

Baba alituachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, ile ya mgongo wa kobe, injini ya 1600 na kabureta moja ya Solex. Sisi tuko Njombe, na anayeijua Njombe ya mwezi wa saba anajua baridi ninayoisema. Mwaka jana gari hiyo ikaanza tabia mbaya: unaiwasha, inanguruma kwa resi ya juu, sawa, ni asubuhi. Lakini unaendesha mpaka sokoni na kurudi, injini imechemka kabisa, na bado inanguruma vilevile. Umeachia mafuta, umesimama, yenyewe inataka kwenda. Kwenye mteremko ndiyo usiseme, mguu uko kwenye breki muda wote. Resi isiyoshuka, breki ndizo zinazolipa.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu, akachukua bisibisi, akalegeza skrubu ya sailensi. (Mafundi wetu wanaita hivyo, sailensi, ile hali ya gari kuunguruma taratibu ikiwa imesimama. Neno zuri kuliko wanavyojua.) Kelele ikashuka, tukalipa, tukafurahi. Kesho yake asubuhi gari inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Tukairudisha skrubu, kelele ikarudi. Tukapaka mafuta waya wa pedeli, maana kwenye Volks waya huo unatoka mbele, unapita chini ya gari yote mpaka injini iliyo nyuma, na ukishika kutu ndani ya bomba lake unaweza kugoma kurudi. Haukuwa wenyewe. Tukakagua kama kuna mpira uliopasuka unaovuta hewa ya wizi. Hakuna.

Mwishowe tukampata mzee mmoja ambaye hakushika bisibisi hata kidogo. Aliiacha gari iunguruame mpaka ipate moto, akaizima, akatoa chombo cha kuchujia hewa, akachungulia kwenye koo la kabureta. Akacheka. "Hii inadhani bado ni asubuhi."

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo choki inafunga njia ya hewa ili injini ipate petroli nyingi zaidi. Papo hapo kipande kidogo chenye vingazi kinaizuia resi isishuke hadi chini, injini isije ikazima. Ni msaada huo, siyo ubovu! Pembeni kuna springi iliyojikunja kama konokono. Waya mwembamba unaleta umeme kutoka kwenye koili, unaipasha moto springi ile, nayo inajinyoosha na choki inafunguka. Sasa waya wetu ulikuwa umechomoka. Injini nzima ilikuwa inaungua kwa joto, ila springi haikupata habari.

Ndugu zangu, nilisimama pale nikaona aibu, kwa sababu nilijiona mimi.

Baba alipougua, nilikuwa na miaka 21. Kwa miaka miwili sikulala vizuri: hospitali, ada ya mdogo wangu, vibarua viwili kwa siku. Nilijifunza kutokukaa chini, kutokumwamini mtu na hela, kufoka ili mambo yaende. Na kwa kweli yalitusaidia, familia haikuzima. Lakini baba alishapumzika, mdogo wangu alishamaliza chuo na anafanya kazi, na mimi bado nakagua matumizi yake kama mhasibu, bado nafoka. Yeye ndiye breki iliyokuwa inalipa. Siku moja aliniambia taratibu, "Kaka, mbona tulishavuka?" Nikamkasirikia wiki nzima. Nikienda kuabudu Ekaristi siku ya Alhamisi, dakika ya kumi tu mkono unatafuta simu.

Someni Kutoka sura ya 16. Waisraeli wametoka utumwani, Mungu anawalisha mana kila asubuhi. Wameambiwa wasiweke akiba ya kesho, wengine wanaweka, inaoza na kutoa funza. Wameambiwa siku ya saba hakuna kuokota kwa kuwa cha siku mbili wamekwishapewa; aya ya 27 inasema wapo waliotoka hata hivyo kwenda kutafuta, wasikute kitu. Zamani niliwaona wakaidi tu. Siku hizi nawaonea huruma. Farao yuko ng'ambo ya bahari, mkate uko ndani ya hema, lakini miguu bado inaamka alfajiri kumtumikia.

Kuungama kwangu nako kulikuwa kwa bisibisi. "Padre, nimekasirika mara tano." Ninapewa malipizi, napunguza sauti, wiki ya pili nazima kabisa: sisali, sitaki mtu, nimechoka. Wiki ya tatu kelele imerudi. Sisemi kuungama hivyo hakuna neema, Mungu apishe mbali! Ila sikuwahi kumwambia padre kinachoishikilia resi. Nilipomwambia hatimaye, habari ya baba na ile miaka miwili, hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Na Mungu alikuwa anafanya nini miaka ile?" Sikuwa na jibu, kwa sababu moyoni niliamini ni mimi peke yangu niliyekuwa nabeba. Huo ndio ulikuwa waya uliochomoka. Unaweza kwenda Misa kila siku, joto limekuzunguka pande zote, lakini sehemu ile moja haijapata habari kwamba kuna Baba.

Ngoja niwamalizie habari ya gari. Mzee alichomeka waya, akawasha, tukasubiri dakika chache. Choki ikafunguka, tukaiona kwa macho. Lakini resi bado ilikuwa juu! Nikamtazama. Akasema, "Kanyaga mafuta kidogo, halafu uachie." Kumbe skrubu inakuwa bado imekalia kile kingazi cha juu; hata joto likishafanya kazi yake, haishuki mpaka dereva aguse pedeli. Nikakanyaga, nikaachia. Ikashuka.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, nilimrudishia mdogo wangu kadi yake ya benki, ambayo nimekaa nayo tangu alipoanza kazi. Aliipokea, akaiangalia, akaniuliza kama naumwa.