Bibi Aliponitaka Niape

Nyuma ya ukuta wa bibi jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, umesimama mnara wa simu, na dirisha la chumba wanacholala wajukuu zake linautazama. Aliniomba nimpimie. Nikazunguka nyumba nzima na antena niliyoiunda kwa mkono wangu, kisha nikarudi barazani na namba: volti 0.6 kwa mita, kwenye masafa ya megahezi 900.

Akanitazama. "Mwanangu, sema Wallahi."

Sikuweza. Nilikunja waya wangu nikamwomba anipe siku chache.

Antena yenyewe haina siri. Ni ya logi-periodiki, aina iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950: mabomba mawili ya alumini ya mraba na vijiti vinavyofupika kwa uwiano uleule, kutoka kirefu cha nyuma hadi kifupi cha mbele. Wimbi likija, vinaitika vile vyenye urefu unaokaribia nusu yake, vingine vinanyamaza. Ndiyo maana antena moja inatosha masafa mengi. Alumini nilinunua kwa fundi wa madirisha, vipande alivyobakiza. Ile ya maabara, yenye cheti chake, inauzwa maelfu ya dola.

Lililonikosesha usingizi si unyonge wa alumini. Mita hailisomi wimbi; inasoma volti zinazofika mwisho wa waya. Ili kujua kilichoko hewani ni lazima nijumlishe na tabia ya antena, yaani inapokea vizuri kiasi gani, na tabia hiyo niliichukua kwenye programu ya kompyuta iliyodai geini ya desibeli 7. Programu haijawahi kuiona antena yangu. Basi ningeapa juu ya nini? Namba niliyompa bibi ilikuwa nusu ya wimbi, nusu yangu mimi, na sikujua mpaka uko wapi.

Je, antena inaweza kujijua? Ikiwa peke yake, haiwezi. Hapa ndipo wataalamu wa vipimo walipata njia ambayo kila nikiifikiria naona ina jambo la dini ndani yake. Unachukua antena tatu, zote hazijulikani. Unazikabilisha mbili mbili, moja itume, nyingine ipokee. Nilikuwa na yangu. Nikaunda ya pili kwa wavu wa waya, koni mbili zinazotazamana ncha kwa ncha. Ya tatu nikaagiza, ya bei nafuu, iliyochapwa kwenye bodi ya saketi. Baada ya swala ya alfajiri nikazipandisha juu ya miti mirefu kwenye uwanja wa mpira. Miti, si vyuma, kwa kuwa chuma kingerudisha mawimbi na kuharibu ushahidi.

Yangu na ya wavu, jumla ya geini zao desibeli 8. Yangu na ya kununua, 11. Zile mbili zenyewe, 7. Jumlisha 8 na 11, toa 7, gawanya kwa mbili: yangu ni 6. Hakuna hata moja iliyokuja uwanjani ikiwa na ukweli wake mkononi, na zote tatu ziliondoka zinajulikana. Mbili zisingetosha, ningelazimika kudhani zinafanana.

Sita, si saba. Na kosa hilo lilikuwa limeegemea upande mbaya: antena dhaifu kuliko nilivyodhani maana yake wimbi lilikuwa na nguvu kuliko nilivyosema. Nilikuwa nimempunja bibi. Sura ya Al-Mutaffifin, yaani wapunjaji wa vipimo, niliihifadhi madrasa nikiamini inawahusu wauza mchele na pishi zao.

Nikarudi barazani na karatasi. "Shikamoo, bibi. Namba sahihi ni 0.67, na kwa vifaa vyangu siwezi kuibana zaidi ya hapa: inaweza kuwa 0.47, inaweza kufika 0.95. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida, kwenye masafa hayo, ni 41. Wallahi, hivi ndivyo nilivyopima, na hili ndilo nisilolijua."

Akaikunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga.

"Na wewe, ungewalaza wanao mle?"

Hilo hakuna antena iliyonisaidia. Nilifikiri kwanza, nikamwapia kwamba ningewalaza.