Mvua ya Mungu, panga la mkulima

Mvua za vuli zinapoanza Keza, wilayani Ngara, maharage huingia ardhini na dua hupanda mbinguni. Je, aliyeombea shamba amemaliza wajibu wake?

Mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioripotiwa katika mkoa huo wa Kagera mwaka 2006, unajibu kwa ukali. Bakteria wake huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Kinga ni kazi ya mikono: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba anayekuza ni Mungu. Kupanda na kumwagilia ni sehemu ya watu. Kuomba huku panga ni chafu ni kumdai Mungu sehemu yetu. Tena panga huazimwa, na anayeumia ni jirani aliyeomba vilevile.