Maiti Asiyeoshwa na Siri ya Utando



Ndugu zangu, sisi wa Gikondo ni watu wa hesabu na biashara. Biolojia tuliiacha sekondari. Hata hivyo naomba tuingie kidogo ndani ya seli, kwani humo limo jibu la swali ninaloulizwa tangu Marburg ya 2024: je, maiti aliyezikwa bila kuoshwa amedhulumiwa?

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Tando mbili haziungani hivi hivi; protini maalumu huzivuta mpaka zikawa utando mmoja. Subhanallah, ndivyo mbegu ya baba inavyoingia katika yai la mama, na Surat al-Insan, aya ya 2, yatukumbusha kuwa tuliumbwa kwa tone lililochanganyika.

Kirusi cha Marburg nacho kimevaa utando wa mafuta wenye miiba ya protini. Seli hukimeza ndani ya kifuko. Humo miiba hukatwa, ikanasa protini ya seli, na utando wa kirusi ukaungana na ule wa kifuko. Hapo mlango umefunguka. Sabuni huuvunja utando huo mapema, mikononi. (Udhu wa maji matupu ni ibada, haushiki nafasi ya sabuni. Tusichanganye.)

Mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado unaambukiza kwa damu na majimaji yake. Mlipuko ulitangazwa Rwanda 27 Septemba 2024. Ulipotangazwa kwisha 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 50.

Sasa fiqhi. Mafakihi wanasema maiti ambaye kumwosha kunahofiwa kuleta madhara hutiwa tayamamu. Hiyo nayo ikiwa hatari, wengi wanaona asaliwe na azikwe alivyo. Shahidi wa vita haoshwi, na sijasikia mtu akisema kadhulumiwa. Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa tauni kuwa shahidi pia, ingawa huyo kwa kawaida huoshwa.

Na wewe uliyebaki nje ya wale 50, nenda makaburini. Mtume alipokosa kuarifiwa kifo cha yule aliyekuwa akifagia msikiti, aliuliza kaburi lake liko wapi, akaenda kumsalia hapo.